Mgeni Mwenye Hati ya Kukamatwa

Mgeni akishuka chomboni Wambaa, wilaya ya Mkoani, atapewa maji na chakula kabla hajaulizwa shida yake. Hata hivyo jina lake litafika kwa sheha, na hakuna anayeona kuwa kumtaja huko ni kumvunjia heshima. Ukarimu wa Pemba haukuwahi kumtaka mwenyeji afumbe macho. Nimeanzia hapo kwa sababu serikali za ukanda wetu, zilipoulizwa kwa nini zimempokea kiongozi anayetafutwa kwa makosa ya kimataifa, zilijitetea kwa ugeni: ni jirani, tumemwalika, hatuwezi kumkamata mtu aliyeitikia mwito wetu. Hoja yangu ni kwamba utetezi huo unaudhulumu ugeni wenyewe.

Tarehe 27 Agosti 2010, Kenya ilizindua katiba mpya pale Uhuru Park, Nairobi. Miongoni mwa wageni wa heshima alikuwamo Omar al-Bashir, Rais wa Sudan. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati ya kumkamata Machi 2009 kwa mauaji na mateso ya raia wa Darfur, na nyingine Julai 2010 kwa mauaji ya kimbari. Kenya ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Roma, uliounda mahakama hiyo, tangu 2005, na mwaka 2008 ilikuwa imeutungia sheria yake ya ndani. Jambo linaloumiza zaidi ni hili: ibara ya 2 ya katiba iliyotiwa saini siku ile, mbele ya mgeni huyo, inasema mikataba ambayo Kenya imeiridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Wanasheria wa Kenya hawakunyamaza. Novemba 2011 Jaji Nicholas Ombija wa Mahakama Kuu aliamuru Bashir akamatwe iwapo angekanyaga tena ardhi ya Kenya. Khartoum ikamwamuru balozi wa Kenya aondoke, nayo Nairobi ikakimbilia kusuluhisha. Februari 2018 Mahakama ya Rufaa ikashikilia kwamba wajibu wa kumkamata ulikuwapo. Uganda nayo ilimkaribisha, Mei 2016 na Novemba 2017.

Je, ni mila ndiyo iliyowazuia? Kenya hiyohiyo, Julai 1997, ilimkamata Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, ikampeleka kwenye mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha. Huko alikiri makosa na Septemba 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Kambanda naye alikuwa mgeni Nairobi, ila mgeni aliyekwisha kupoteza kiti. Kilichomlinda Bashir, basi, ni kiti. Na kama ugeni una mwenye haki ya kwanza, ni yule anayekimbia. Mapema mwaka 2001, baada ya maandamano ya Januari huko Zanzibar kuzimwa kwa risasi, Wapemba zaidi ya elfu mbili walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya Kenya, wakapokewa. Watu wa Darfur waliovuka mpaka kuingia Chad walikuwa wageni wa namna hiyo. Kumkumbatia anayetuhumiwa kuwafukuza ni kuwafungia wao mlango.

Wapo wanaojibu kwa sheria, si kwa mila: rais aliye madarakani ana kinga. Hoja hii ina uzito. Mwaka 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Kongo dhidi ya Ubelgiji, iliamua kwamba mahakama ya nchi moja haiwezi kumkamata waziri wa mambo ya nje wa nchi nyingine akiwa kazini. Lakini hukumu hiyohiyo ilisema kinga hiyo huenda isisimame mbele ya baadhi ya mahakama za kimataifa, na Mei 2019 majaji wa rufaa wa Mahakama ya Jinai, katika shauri la Jordan kutomkamata Bashir, walisema wazi kuwa haisimami.

Wengine wanasema mahakama hii inawaandama Waafrika. Lawama hiyo nailewa. Hata hivyo, azimio la Machi 2005 lililoipeleka Darfur kwenye mahakama lilipigiwa kura ya ndiyo na Tanzania, iliyokuwa ndani ya Baraza la Usalama. Na udhaifu wa wenyeji si wa Afrika peke yake: Vladimir Putin alipokewa Mongolia Septemba 2024, na Benjamin Netanyahu Hungaria Aprili 2025, wote wakiwa na hati za kukamatwa. Na kwa wanaohofia kwamba kumkamata kungevuruga amani, Mkataba wa Roma unaliruhusu Baraza la Usalama kuahirisha mashtaka kwa miezi 12, na Rais Kikwete wa Tanzania, akiongoza Umoja wa Afrika mwaka 2008, alitaka mlango huo utumike. Ulipokosa kufunguliwa, Umoja huo ukaazimia Sirte, Julai 2009, kutoshirikiana katika kumkamata. Kwamba njia nyingine ilikuwapo tunajua kwa Joyce Banda, Rais wa Malawi wakati huo: mwaka 2012 alikataa kumpokea Bashir, na mkutano wa Umoja wa Afrika ukahamishiwa Addis Ababa.

Bashir aling'olewa na jeshi lake Aprili 2019, na vita vikawaka tena Sudan Aprili 2023. Oktoba 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Ali Kushayb, kamanda wa wanamgambo wa Janjaweed huko Darfur. Rais aliyezunguka Nairobi na Kampala hajafikishwa mbele ya mahakama hiyo.