Siro ya nyumbani: historia ya dawa ya kifua katika mji wa Goma

Wageni wengi wanafikiri kwamba Congo yote ni inchi ya joto. Goma iko karibu na ikweta, ni kweli, lakini imejengwa kwenye meta 1.500 hivi juu ya bahari, chini ya mlima Nyiragongo. Wakati wa mvua usiku unakuwa baridi, na wakati wa kiangazi vumbi nyeusi ya mawe ya volkano inaingia mpaka ndani ya nyumba. Ndiyo maana mafua na kikohozi ni magonjwa ya kila mwaka kwetu, na ndiyo maana kila mama anajua kupika kitu fulani cha kutuliza kifua.

Neno lenyewe lina historia. «Siro» tumelipata kwa Kifaransa, nao Wafaransa walilipata, kwa kupitia Kilatini, katika neno la Kiarabu la kinywaji. Ndugu zetu Waswahili wa pwani walichota katika shina hilohilo la Kiarabu, wakasema «sharubati». Kwa hiyo maneno hayo mawili ni ya ukoo mmoja, ijapo yalifika kwa njia mbili.

Zamani dawa ya kifua haikuwa na sukari. Wazee wa Masisi na Rutshuru walitumia majani, na zaidi muravumba, mti mdogo wenye harufu kali unaopandwa karibu na nyumba. Walisaga majani, wakakamua maji yake, wakaongeza asali. Mubirizi, ule mchungu, ulikuwa kwanza kwa homa na tumbo.

Wakati wa Wabeleji mambo yaligeuka. Mwaka 1925 Parc Albert ilianzishwa, ndiyo Virunga ya leo, na hatua kwa hatua watu walikatazwa kuingia katika pori ambamo walizoea kuchuma dawa na kutafuta asali. Waganga nao walidharauliwa. Lakini Wabeleji haohao walipanda kinakina katika milima ya Kivu, mti uliotoka Amerika ya Kusini, juu ya maganda yake yanayotoa kinini. Mpaka leo Pharmakina ya Bukavu inajulikana kwa kazi hiyo. Ganda la mti likipita katika kiwanda liliitwa dawa. Jani la bibi liliitwa ushenzi. Wazo hilo lilibaki katika vichwa vyetu hata kisha uhuru wa 1960. Ni mwaka 1978 tu, katika mkutano wa Alma-Ata, ndipo inchi za dunia zilikubali kwamba waganga wa asili wanaweza kuwa na nafasi katika afya ya msingi.

Sukari ilizoeleka polepole. Kiwanda cha Kiliba, karibu na Uvira, kilisimama kwa miaka mingi tangu vita vya 1996, na wamama wengi walirudilia asali. Namna yao ni hii: tangawizi inakatwa vipande, inachemshwa mpaka maji yabaki nusu. Inaondolewa motoni. Ikiwa vuguvugu, wanatia maji ya ndimu, asali, na matone ya muravumba yaliyochujwa kwa kitambaa safi. Chupa inapashwa kuchemshwa mbele. Siro hiyo haikai siku nyingi, na mtu anakunywa kijiko kidogo tu.

Je, ni imani tupu? Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitaja asali na ndimu kati ya vitu vinavyoweza kutuliza koo bila hatari. Mwezi wa Oktoba 2022, shirika hilohilo lilitoa onyo juu ya siro nne za kiwanda zilizopatikana Gambia, ambako watoto zaidi ya 60 walikufa. Basi karatasi nzuri kwenye chupa haitoshi kutupa amani. Lakini na sisi tusidanganyane: mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata kidogo, maana inaweza kumpa sumu, na mwanamke mwenye mimba aache muravumba. Mtoto anayehema mbio, au ambaye kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, apelekwe hopitali upesi. Siro inatuliza koo, haiponyeshi nimonia.

Urithi huu unapotea kwa njia ya kimya. Mwaka 2002 moto wa volkano ulifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, na juu ya jiwe majani hayaoti vizuri mpaka mtu alete udongo. Vita navyo vimeondoa watu vijijini mara nyingi, na tena sana tangu 2022. Mkimbizi anaweza kubeba sufuria. Ua wa miti ya dawa habebi. Anachobeba ni majina na vipimo katika kichwa chake, na mara nyingi mwenye kuvijua ni bibi mmoja tu katika jamaa. Kwa hiyo wanafunzi wetu wakipewa kazi ya likizo, waandike jina la kila jani katika Kihunde, Kinande, Kinyarwanda na Kiswahili, kipimo chake, na hatari yake. Daftari moja kwa kila jamaa inatosha kwa kuanza.