Mteremko wa Sekenke na Historia ya Kukadiria Udongo

Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega huteremka Mlima Sekenke kabla ya kufika Shelui. Juu, kwenye uwanda wa Iramba, ni nchi ya alizeti na mtama, yenye udongo mwepesi wa rangi nyekundu na kijivu. Chini ni bonde pana la Wembere, ambalo maji yake huelekea polepole Ziwa Kitangiri, na kutoka huko kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Udongo wa bondeni ni mweusi na mzito. Mvua ikinyesha hunata kwenye jembe na tairi. Kiangazi kikikolea hupasuka nyufa za kuzamisha mkono. Mkulima wa Shelui hulima mpunga, jambo ambalo mwenzake wa juu mlimani hawezi hata kulifikiria.

Kujua udongo wa mahali bila kuupima ni elimu ya zamani pande hizi. Wakulima wa Kisukuma, ambao mashamba yao yameenea mpaka Wembere, huugawa mteremko kwa majina. Luseni ni mchanga wa karibu na miamba, rahisi kulima, unaofaa karanga na mihogo. Itogolo uko chini zaidi, mchanga juu na tabaka gumu chini yake, maji hutuama. Humo ndimo yanamochongwa majaluba ya mpunga. Ibambasi ni ule unaokauka ukawa kama sakafu kwa sababu ya chumvi ya sodiamu. Ibushi una chokaa. Halafu mbuga yenyewe, ule udongo mweusi wa bondeni. Mtu akitajiwa jina tu, tayari anajua maji yatakaa muda gani, jembe litapita vipi, na zao gani litamtupa mkono.

Wajerumani walipofika Sekenke macho yao yalikuwa kwenye dhahabu. Mgodi ulianza kazi mwaka 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, vita vilipokuwa vimekata njia ya kwenda Ulaya. Udongo wa kulima ulishughulikiwa mbali na hapo, Amani katika milima ya Usambara, ambako kituo cha utafiti wa kilimo kilianzishwa mwaka 1902. Paul Vageler alichunguza udongo wa Ugogo, jirani na Singida, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1912. Baada ya vita kituo kikapita mikononi mwa Waingereza, na huko Amani ndiko alikofanya kazi mwanakemia wa udongo Geoffrey Milne.

Milne alikabidhiwa kazi ngumu: kuchora ramani ya udongo ya Afrika Mashariki yote, kwa watu wachache na sampuli chache. Kanuni alizorithi hazikumsaidia sana. Mrusi Vasily Dokuchaev, katika kitabu chake cha mwaka 1883 juu ya udongo mweusi wa Urusi, alikuwa ameonyesha kwamba udongo hufuata tabianchi, mwamba, mimea, sura ya nchi na muda. Katika tambarare za Urusi mtu aliweza kusafiri siku nyingi na kuona udongo ukibadilika pole pole pamoja na mvua na joto. Tanganyika haikuwa hivyo. Mwamba ni uleule, mvua ni ileile, lakini ndani ya kilomita moja au mbili mtu huvuka udongo mwekundu, wa kijivu na mweusi. Akipanda kilima kinachofuata, huukuta mfuatano huohuo tena.

Jibu lake, alilolichapisha mwaka 1935, lilikuwa la kijasiri. Aliacha kuchora kila udongo peke yake, akauchukua mteremko mzima kuwa kipimo kimoja cha ramani, toka kileleni hadi bondeni, na kuuita katena. Sababu iko kwenye maji. Kileleni maji hupenya na kuondoka, hewa huingia, chuma kilichomo hupata kutu na udongo huwa mwekundu. Yanaposhuka, maji huchukua chembe laini pamoja na kalisi, magnesi na sodiamu. Katikati hubaki mchanga uliosafishwa. Bondeni vile vilivyobebwa hutua, maji hayana pa kwenda, na hapo hujengeka ule mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Milne aliona pia kwamba kuna miteremko ambayo mwamba wenyewe hubadilika njiani, akaitenga.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo modeli ya kwanza ya udongo iliyozaliwa katika ardhi yetu na kuufundisha ulimwengu. Ukijua mtu amesimama wapi mlimani, unaweza kukadiria alichokikanyaga kabla ya kuchimba. Hans Jenny, aliyeweka mambo yanayoumba udongo katika mfumo wa hesabu kwenye kitabu chake cha mwaka 1941, aliiweka sura ya nchi miongoni mwa mambo hayo matano. Na Milne hakuyaona hayo katika nchi tupu. Neno mbuga aliliingiza katika maandishi yake ya kisayansi kutoka kwa watu waliokuwa wakilima hapo.

Ramani ya muda ya Milne na wenzake ilitoka mwaka 1936, ikijumuisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, katika msimu wa mvua, alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akichunguza udongo. Alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari hiyo ikachapishwa mwaka 1947.

Mwaka huohuo matrekta yalianza kung'oa vichaka Kongwa, ng'ambo ya Dodoma, kwa mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza. Ujumbe uliopendekeza mradi ulikuwa umezunguka nchi mwaka 1946 kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukakadiria ekari 3,210,000 za kulima. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao kiangazi huwa mgumu kama tofali, na karanga huzaa chini ya ardhi. Mavuno yalipofika, karanga zilikuwa zimefungiwa humo. Changarawe nayo ilikula majembe ya chuma. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Inauma kuona kwamba elimu ya kutazama udongo wa nchi hii ilikuwa imeshaandikwa, na wenyeji wa Kongwa walikuwa hai na wangeweza kuulizwa.

Baada ya uhuru kazi ya ramani iliendelea, na kituo cha Mlingano, Tanga, kikawa makao ya huduma ya taifa ya udongo. Mwaka 1984 Eddy De Pauw alitoa ramani ya udongo na kanda za kilimo za Tanzania kwa kipimo cha 1:2,000,000. Sentimita moja katika karatasi hiyo ni kilomita 20 ardhini, kwa hiyo mteremko wote wa Sekenke hadi mashamba ya mpunga ya Shelui unaweza kufunikwa na ncha ya kidole. Kwa kupanga nchi inatosha. Kwa kumshauri mwenye ekari tatu haitoshi hata kidogo.

Kizuizi cha ramani ya kina zaidi kilikuwa gharama. Kupima udongo maabara kwa kemikali huchukua siku na fedha, na kila kirutubisho kina njia yake. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh wa kituo cha kilimo mseto cha Nairobi walionyesha njia nyingine. Udongo hukaushwa, husagwa, huchekechwa kwa chekeche la milimita 2, kisha humulikwa. Mfinyanzi, mboji na chokaa kila kimoja hunyonya mawimbi fulani ya mwanga na kurudisha mengine. Sampuli chache hupimwa kwa kemikali. Kompyuta hujifunza uhusiano kati ya vipimo hivyo na mwanga uliorudi, halafu hukadiria zilizobaki.

Mradi wa taarifa za udongo wa Afrika, ulioanza mwishoni mwa muongo huo, uliitumia njia hiyo katika maeneo 60 barani. Kila eneo lilikuwa na kilomita 10 kwa 10, vituo 160 ndani yake, na udongo ulichukuliwa kwa kina cha sentimita 0 hadi 20, na 20 hadi 50. Ramani za mwaka 2015 ziligawa bara katika vipande vya mita 250, kila kimoja kama ekari 15. Zile za mwaka 2021, zilizojengwa kwa sampuli zaidi ya 100,000 pamoja na picha za satelaiti, zilishuka hadi mita 30. Ekari moja ya Shelui sasa ina vipande vinne na nusu. Miongoni mwa mambo ambayo programu za kompyuta zinazochora ramani hizo huyatazama ni mwinuko na umbo la mteremko, yaani hoja ya Milne iliyoingizwa katika hesabu.

Makadirio hayo hayana nguvu sawa. Uchachu wa udongo na kiasi cha mchanga au mfinyanzi hukadirika vizuri. Fosforasi inayopatikana kwa mmea husumbua, kwa sababu hutegemea pia samadi, majivu, zizi la zamani, mambo ambayo satelaiti haiyaoni. Na pale ambapo hakuna sampuli za karibu, programu huazima tabia ya udongo wa mbali uliofanana kwa sura. Sehemu kama Wembere, zenye chumvi ya sodiamu mahali pamoja na mfinyanzi safi hatua chache mbele, ndizo zinazohitaji kuchimbwa zaidi.

Kwa hiyo bwana shamba anayetaka kumsaidia mkulima wa hapo bado huchukua ndoo na jembe. Hutembea shambani kwa kupindapinda, hutwaa udongo sehemu kumi na tano hivi, huuchanganya, hupunguza hadi nusu kilo na kuupeleka maabara. Kabla ya hapo humwomba mwenye shamba amwonyeshe itogolo unaishia wapi na mbuga inaanzia wapi, na kila upande huuwekea ndoo yake, maana sampuli iliyochanganya hizo mbili huleta majibu ya udongo ambao haumo katika shamba lile.