Milki ya Dawa za Kulevya katika Gari la Kuazima

Mtu anaposhtakiwa nchini Kenya chini ya kifungu cha 3 cha sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, Kiswahili humwita ama "aliyemiliki" ama "aliyepatikana na" dawa hizo, na maneno yote mawili hupwaya, hasa pale dawa zinapokutwa ndani ya gari la kuazima. Dereva wa Kipevu aliyeazima Probox ya jirani ili apeleke mzigo kisiwani, akasimamishwa karibu na Makupa na bangi ikatolewa chini ya kiti, si mwenye gari wala si mwenye bangi, kwa hiyo neno la kwanza humwachilia kabla ushahidi haujasikilizwa. La pili humfunga kwa sababu tu alikuwa pale.

Sheria hutafuta jambo jingine. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu hakiishii kwenye kitu alichonacho mtu mwilini, bali huhesabu pia kitu anachojua kuwa kimo mikononi mwa mwingine, au alichokiweka mahali popote, pawe pake au pasiwe pake, kwa manufaa yake au ya mtu mwingine. Na kitu alichonacho mmoja kwa ujuzi na ridhaa ya wenzake huwa kimeshikwa na wote, jambo ambalo abiria wa kiti cha nyuma hawalifikirii. Dhana hiyo, inayosimama juu ya ujuzi na udhibiti, ingefaa kuitwa "milki ya kujua", ingawa jina hilo ni refu kidogo kwa hati ya mashtaka. Huko Uingereza, katika kesi ya Warner ya mwaka 1968, mshtakiwa aliyekutwa garini na masanduku mawili alidai kuwa aliamini yote yana manukato, kumbe moja lilijaa vidonge. Rufaa yake ilikataliwa, lakini majaji walikubali kwamba mtu aliyetiliwa kitu kikapuni bila habari yake hana milki ya kitu hicho.

Utetezi basi haujengwi kwa kauli ya "gari si langu" peke yake, maana udhibiti wa gari hauhitaji kadi yake. Hujengwa kwa mambo madogo yanayothibitika: gari liliazimwa saa ngapi, nani mwingine aliliendesha siku hiyo, funguo zilikaa kwa nani, mzigo ulikuwa wazi au umefichwa ndani ya buti, na dereva alifanya nini aliposimamishwa. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo ni upande wa mashtaka unaopaswa kuonyesha kwamba alijua. Hata hivyo, dereva anayekaa kimya huiachia mahakama mazingira peke yake, na mazingira ya gari dogo lenye harufu kali ya bangi huwa mazito. Na kwa kuwa sheria ileile ya mwaka 1994 huruhusu chombo kilichotumika kutaifishwa, mwenye gari naye huja na sababu zake za kusema hakujua, na maneno yake mara nyingi hugongana na ya aliyeliazima.