Ujasusi, Uhaini na Nasaba ya Mshitakiwa katika Historia ya Songea

Mashitaka ya usalama wa taifa ni yale ambayo dola humshitaki mtu kwa kuipeleleza nchi kwa manufaa ya adui, kwa kula njama za kuiangusha serikali, au kwa kuasi mamlaka kwa silaha. Nayo hutofautiana na jinai nyinginezo kwa sababu mshitaki na anayedai kudhulumiwa ni mmoja, ushahidi aghalabu hufunikwa kwa hoja ya siri za nchi, na majirani wa mtuhumiwa, kwa kuchelea kutiwa katika tuhuma moja naye, hujitenga na nyumba yake hata kabla hukumu haijasomwa. Katika hali hiyo, ithibati ya kitendo inapokosekana, kabila la mtu, au dini yake, au nchi walikotoka wazazi wake, husimama mahali pa ithibati, na wanaohukumu wakaridhika. Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, hufaa sana kwa kulitafiti jambo hili, kwa maana watu wa mji huo na wa wilaya zilizokuwa chini yake wamekabiliwa na dola kwa namna tatu zilizo mbalimbali: mahakama ya kijeshi ya mwaka 1906, kizuizi bila kesi kuanzia mwaka 1967, na kesi ya hadharani iliyosikilizwa Dar es Salaam mwaka 1970.

Mji wenyewe umechukua jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa wakuu wa vita wa Wangoni wa Njelu, ambaye kijiji chake kilikuwa jirani na mahali Wajerumani walipoweka boma lao mwaka 1897. Vita vya Majimaji vilipozuka katika vilima vya Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ilimnyonga Kinjekitile Ngwale huko Mohoro tarehe 4 Agosti kwa kosa la uhaini, ikitaraji kwamba kifo cha mganga kingeuzima uasi. Nao haukuzimika, bali ulisambaa kusini na magharibi hata ukafika Ungoni, ambako Nkosi Mputa bin Gwezerapasi Gama na manduna wake waliipokea dawa ya maji ya mganga huyo, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto mwezi Septemba. Baada ya bunduki za bombomu kuwashinda wenye mikuki, na njaa kuanza kuishika nchi, wakuu wa Wangoni walikamatwa mmoja mmoja na kukusanywa bomani. Tarehe 27 Februari 1906 watu 67 wanahesabiwa kuwa walinyongwa hapo, Nkosi Mputa akiwa miongoni mwao, wakafukiwa katika kaburi moja la halaiki; ila Nduna Songea mwenyewe, kwa masimulizi ya wenyeji, alitengwa na wenzake, akauawa baadaye kidogo na kuzikwa peke yake, na kichwa chake kikachukuliwa kupelekwa Ujerumani. Padre Johannes Häfliger aliruhusiwa kuwaingilia mahabusi na kuwabatiza waliokubali kabla ya siku yao kufika. Wakili hawakupewa, wala njia ya rufani.

Haitakuwa insafu kudai kwamba walionyongwa hawakupigana, kwa kuwa wengi wao walipigana, na wazao wao hulitaja jambo hilo kwa fahari wala si kwa kujitetea. Lililo la kuulizwa ni jingine: je, kila mmoja wao alipimwa kwa tendo lake? Ungoni wa siku zile ulikuwa mkusanyiko wa watu wa asili nyingi, yaani mbari zilizotoka kusini ya mto Zambezi, pamoja na Wandendeule na wengineo waliotekwa au waliojiunga kwa hiari, na kati ya hao walikuwapo walioipokea dawa kwa shauku, waliolazimishwa, na waliokimbilia porini wasishike mkuki wala bunduki. Kwa boma wote hao walikuwa Wangoni tu, na mtu alipokuwa na cheo katika nasaba ya watawala, cheo kile chenyewe kilimtosha kuwa hatia. Adhabu ilikusudiwa kuiondoa tabaka nzima ya uongozi, ili wasibaki wa kuwaita watu vitani mara ya pili. Na adhabu yenye kusudi hilo haina haja ya kuwatenganisha wenye makosa na wasio nayo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea na kuomba radhi kwa niaba ya nchi yake, miaka 117 baada ya kitanzi.

Mwaka uleule wa 1906, mwezi Julai, mahakama ya juu ya Ufaransa ilibatilisha hukumu ya Kapteni Alfred Dreyfus, afisa wa mizinga aliye Myahudi, ambaye mwaka 1894 alikuwa ametiwa hatiani kwa kuwauzia Wajerumani siri za jeshi, akahamishwa hata Kisiwa cha Shetani kwenye pwani ya Guyana. Waraka uliomtia hatiani uliandikwa na mkono wa afisa mwingine, Esterhazy, na majaji wa kijeshi walikuwa wamepewa kwa siri jalada ambalo mshitakiwa na wakili wake hawakuonyeshwa kamwe. Dreyfus alirejeshewa heshima yake kwa kuwa alikuwa na ndugu wenye mali, magazeti yaliyothubutu kusema, na mwandishi mashuhuri Émile Zola aliyekubali kushitakiwa kwa ajili yake. Na hata hivyo ilichukua miaka 12. Manduna wa Songea hawakuwa na gazeti, na lugha ya mahakama haikuwa yao.

Katika Afrika Mashariki mfano ulio wazi zaidi wa kuwachambua watu kwa kabila ni ule wa Nairobi wa mwezi Aprili 1954, wakati majeshi ya Kiingereza yalipouzingira mji, yakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru na makabila mengine, na kuwapeleka maelfu kwa maelfu katika kambi za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road, huku watoa habari waliofunikwa magunia wakiwachagua kwa ishara ya kichwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Jaji Ransley Thacker alikuwa amemtia hatiani Jomo Kenyatta na wenziwe watano huko Kapenguria. Na mwaka 1958 shahidi mmoja, Rawson Macharia, aliapa kwamba yeye na wengine walihongwa ili waseme uongo, naye kwa kiapo hicho akafungwa yeye.

Sasa turudi Ruvuma. Oscar Kambona alizaliwa mwaka 1928 katika kijiji cha Kwambe, karibu na Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, wakati pande zile zikihesabiwa katika wilaya ya Songea. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana. Alipanda hata akawa Katibu Mkuu wa TANU na waziri wa mambo ya nchi za nje, na Januari 1964, askari walipoasi, ni yeye aliyekwenda kuzungumza nao. Baada ya Azimio la Arusha alihitilafiana na Mwalimu Nyerere, akajiuzulu mwezi Juni 1967, na mwezi uliofuata akatoroka kwa njia ya Kenya hata London. Mwaka huohuo Tanzania ilitangaza kuwa mpaka wake na Malawi wapita katikati ya ziwa, Rais Banda akakataa, na watu wa Mbamba Bay, walio na jamaa upande wa pili wa maji na katika kisiwa cha Likoma, wakajikuta wanaishi juu ya mstari unaogombewa na serikali mbili. Kusini yao, ng'ambo ya mto Ruvuma, Wareno walikuwa wanapigana na wapigania uhuru wa FRELIMO, na wakimbizi Wayao, Wamakonde na Wanyasa walivuka kwa makundi kuja kwa watu wa lugha yao. Katika nchi ya namna hiyo, kumtembelea shangazi ng'ambo ni desturi iliyotangulia mipaka. Lakini kwa mlinzi aliyetoka mbali ni safari ya kutiliwa shaka.

Mwezi Desemba 1967 ndugu wawili wa Kambona, Otini na Mattiya, waliwekwa kizuizini kwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, ambayo ilitungwa Kambona mwenyewe akiwa waziri serikalini, na ambayo ilimpa Rais uwezo wa kumzuia mtu kwa sahihi yake, tena ikakataza amri hiyo isihojiwe na mahakama yoyote. Walikaa humo hata mwaka 1978. Hawakusomewa shitaka, hawakumwona shahidi, hawakuhukumiwa. Na kwa kuwa hawakushitakiwa, hawakuwa na chochote cha kukanusha.

Kesi ya uhaini iliyoanza mwezi Juni 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, mtu wa visiwa vya Karibi, ilikuwa na sura nyingine. Washitakiwa walikuwa saba: Gray Likungu Mattaka, John Lifa Chipaka na Elia Lifa Chipaka, walio jamaa za Kambona, Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake wa TANU katika kupigania uhuru, Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri wa kazi, William Chacha wa jeshi, na Alfred Milinga. Kambona alitajwa kuwa kichwa cha njama ya kuiangusha serikali, naye yuko London. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha PAC, aliyesema kwamba alijifanya mwenzao huku akiiarifu serikali. Alihojiwa hadharani na mawakili wa utetezi, na magazeti yakaandika. Hukumu iliposomwa mwezi Februari 1971, mahakama ilimpima kila mtu peke yake: wapo waliopewa kifungo cha maisha, Bibi Titi akiwamo, ambaye Rais alimsamehe mwaka 1972, Kamaliza na Chacha walionekana na kosa lililo jepesi zaidi, la kuficha habari za uhaini, na Milinga akaachiwa huru. Mtu anaweza kuikosoa hukumu ile katika mambo mengi, na wapo wanaoikosoa hadi leo, lakini haiwezekani kusema kwamba waliokuwa kizimbani walikuwa kabila moja au ukoo mmoja, au kwamba udugu na mtoro ulikubaliwa kuwa ushahidi. Ni kizuizi, wala si kesi, kilichowafunga watu miaka kumi pasipo kutajiwa tendo lolote. Na yeyote anayetaka kujua ubaguzi wa nasaba hupenyea wapi, hapo ndipo pa kuangalia: kwenye chumba kisicho na jaji.

Hata nchi zenye mahakama za kale hazijasalimika. Nchini Marekani, mwanasayansi Wen Ho Lee, mzaliwa wa Taiwan aliyefanya kazi katika maabara ya Los Alamos, alifunguliwa mashitaka 59 mwaka 1999, akafungiwa peke yake miezi tisa, na mwishowe akakiri kosa moja tu. Jaji James Parker akamwomba radhi mbele ya watu.

Nchini Tanzania, Bunge lilitunga Sheria ya Usalama wa Taifa mwaka 1970, inayomtia jasusi kifungo cha maisha. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Na mwaka 1988 Jaji James Mwalusanya, katika kesi ya Chumchua Marwa, aliitangaza Sheria ya Kuhamisha Watu ya mwaka 1921, iliyoachwa na wakoloni, kuwa inapingana na Katiba. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyotoa taarifa mwaka 1992, iliziweka sheria hiyo na ile ya kizuizi katika orodha ya sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Ile ya kizuizi iliendelea kubaki vitabuni. Mwaka huohuo Kambona alirejea nyumbani baada ya miaka 25. Kabla hajafika palizuka maneno kwamba yeye si raia, kwa kuwa wazazi wake asili yao ni ng'ambo ya mpaka, maneno ambayo hayakupata kusemwa alipokuwa akiketi katika baraza la mawaziri. Alipofika hakufikishwa mahakamani kwa uhaini wala kwa kosa jingine, akafariki London mwaka 1997, tuhuma zile zikiwa hazijapata kusikilizwa naye akiwapo.