Mzingo Uliowashinda Wababe wa Hesabu

Mzingo wa duara hupatikana kwa dakika moja. Libane duara hilo kidogo liwe duaradufu: eneo lake bado lina fomula nyepesi, lakini urefu wa mzingo unakataa. Intigrali yake inaishia kwenye kipeuo cha pili kisichofunguka, na tangu karne ya 17 wanahisabati walikwama hapo.

Pendulamu nayo ina shida hiyohiyo. Ukiivuta hadi digrii 90 kisha ukaiachia, itachelewa kwa takribani asilimia 18 kuliko inavyosema fomula ya shuleni, na kuupata ucheleweshaji huo kunahitaji intigrali ya jamii hii.

Mwanga wa kwanza ulitoka Italia. Giulio Fagnano aligundua jinsi ya kukata tao la lemniskati, mchoro wa nane iliyolazwa, katika mafungu yaliyo sawa bila kuujua urefu wenyewe. Kitabu chake kilimfikia mwanahisabati Euler mjini Berlin tarehe 23 Desemba 1751, naye akaikuza mbinu hiyo ikawa kanuni ya kujumlisha intigrali hizo.

Aliyezisumbukia zaidi ni Mfaransa Adrien-Marie Legendre. Kwa takribani miaka 40 alizipanga, akaonyesha kwamba zote zarudi kwenye aina tatu, akazitengenezea majedwali marefu ya tarakimu. Kazi ya punda, lakini wahandisi waliitegemea.

Mwaka 1827 vijana wawili, Niels Abel wa Norway na Carl Jacobi wa Königsberg, waliligeuza swali. Badala ya kuuliza pembe fulani inatoa urefu gani, waliuliza urefu fulani umetoka pembe ipi. Zikazaliwa fanksheni zinazojirudia kwa vipindi viwili, wakati sini ina kimoja tu. Mwanahisabati Gauss alikuwa ameyajua mengi ya hayo tangu miaka ya 1790, akayafungia katika shajara yake. Ubahili wa ajabu.

Legendre, mzee wa miaka 75, hakununa. Aliwasifu hadharani, akaongeza matokeo yao kwenye vitabu vyake. Abel hakufaidi sana: kifua kikuu kilimuua tarehe 6 Aprili 1829, akiwa na miaka 26, na barua ya kumpa kazi Berlin iliandikwa siku mbili baadaye. Andiko alilolipeleka Paris mwaka 1826, ambalo mwanahisabati Cauchy aliliweka kando, lilichapishwa 1841.

Fomula nyepesi ya mzingo ule haikupatikana. Katika miaka ya 1830 Joseph Liouville alithibitisha kwamba haipo.