Mradi wa kikundi chuoni: Kazi ya wote, alama za nani?

Kila anayesomea uhandisi wa programu chuo kikuu hufikiwa na siku ya kuambiwa aache kuandika programu peke yake. Darasa linagawanywa vikundi vya watu wachache, na kila kikundi kinapewa mradi wa muhula mzima, mfano mfumo wa kukata tiketi za basi.

Hapo ndipo kasheshe huanza, na si jambo geni. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kujadili kwa nini programu kubwa zinachelewa na kujaa kasoro. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 wa IBM, aliandika kuwa ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Sababu mojawapo ni hesabu tu: watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili. Wakiwa 8, zinafika 28.

Chombo kikuu cha kazi hii ni Git, iliyotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux. Kila mtu hufanyia kazi tawi lake, kisha matawi yanaunganishwa. Wawili wakibadilisha mstari uleule, Git haichagui, inawaachia wenyewe waamue. Wengi hulijua hili usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, maana kila mtu alikaa na kipande chake wiki nzima nzima. Wanaounganisha kidogo kidogo kila siku hulala mapema.

Halafu kuna yule wa "nipo pamoja nanyi" kwenye WhatsApp, ila kazi haionekani. Git huhifadhi nani alibadilisha nini na lini, kwa hiyo mhadhiri akifungua anaona. Lakini kumbukumbu hizo zinaweza pia kumwonea mtu: aliyehoji watumiaji, akajaribu mfumo na kuandika maelezo yake anaweza kuonekana hakufanya lolote.

Tathmini ya wanakikundi wenyewe kwa wenyewe husaidia, ingawa marafiki hupeana alama sawa bila aibu. Kinga ya uhakika zaidi ni kuandika mgawanyo wa kazi wiki ya kwanza, kuweka maelezo na majaribio yote ndani ya Git, na kumwambia mhadhiri mapema mwenzao anapopotea. Wiki ya tatu anaweza kupanga upya kikundi. Wiki ya mwisho atabaki kusikiliza malalamiko tu.