Reli Ilifika Mapema, Kipimo Kikachelewa

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tuzungumze habari ambayo akina mama huinong'ona jikoni na akina baba huikwepa barazani. Ni saratani ya mlango wa kizazi.

Shangazi yangu alikuwa mkulima huko Misunkumilo, kata iliyomo leo katika Manispaa ya Mpanda. Mwaka 1998, miaka kadhaa baada ya hedhi yake kukoma, damu ilianza kumtoka tena. Wengine walisema amerogwa. Mwenyewe aliona haya. Zahanati moja ilimpa vidonge vya kutuliza maumivu. Alipopanda treni kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Daktari aliniambia kwamba angepimwa miaka 10 nyuma, tatizo lake lingeondolewa kabla halijawa saratani. Tulimzika kabla ya mvua za kwanza.

Treni hiyo ina historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, likakamilika mwaka 1950. Shabaha kubwa haikuwa abiria. Ilikuwa madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba.

Sasa tulinganishe tarehe. Mwaka 1943, miaka 7 kabla ya reli hiyo, George Papanicolaou na Herbert Traut walikwisha kuchapisha kitabu huko Marekani kilichoeleza jinsi ya kuchukua seli za mwanamke, kuzitazama kwa hadubini na kuona dalili za saratani mapema. Nchi zilizowapima wanawake kwa utaratibu, kama Finland, zilipunguza vifo sana. Mashine za kuchimbia zilifika Mpanda, lakini kipimo hakikufika. Kilihitaji maabara, mtaalamu wa kusoma seli, na mama kurudi tena kufuata majibu. Kwa mwanamke wa kijijini, kurudi tena ni nauli ya pili na siku nyingine ya shamba iliyopotea.

Chanzo cha ugonjwa nacho kilichelewa kujulikana. Mwaka 1983 na 1984, Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitambua virusi vya papiloma vya aina ya 16 na ya 18 katika uvimbe wa saratani hii. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili husababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hizi. Basi si uchawi. Wala si alama ya umalaya, maana virusi hivi huenea kwa kujamiiana na watu wengi huvipata wakati fulani maishani. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Visiposhindwa, huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Miaka hiyo ndiyo nafasi yetu, na ndiyo aliyoipoteza shangazi.

Njia nyepesi zipo. Mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kwa taa. Sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo. Majirani zetu wa Zambia walianza mpango wa namna hiyo Lusaka mwaka 2006. Siku hizi kuna pia kipimo cha virusi vyenyewe, ambacho mama anaweza kujichukulia sampuli.

Kwa mabinti, chanjo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Mwaka 2024 serikali ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na sehemu ya ushahidi wa dozi hiyo ilitoka kwa wasichana wa Mwanza. Uvumi kwamba chanjo hufunga uzazi ni uongo. Inayoharibu uzazi ni saratani yenyewe.

Lakini chanjo ya binti haimkingi mama yake. Mama aliyefikisha miaka 30 na apimwe hata kama haumwi. Anayeishi na virusi vya ukimwi aanze akiwa na miaka 25, kwa kuwa hatari yake ni mara 6 zaidi. Na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma isingojewe.

Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake wapatao 10,000 nchini walipata saratani hii, na zaidi ya 6,000 walikufa. Akina baba, nauli ya kwenda kupima mara nyingi imo mifukoni mwetu. Tusiishike hadi iwe nauli ya kwenda msibani.

Kwaherini, hadi juma lijalo.